Shajara ya Kashata: mbwa mwenye hofu katika mtaa wa Bigwa

Februari

Kashata kaingia nyumbani. Ni jike, mbwa wa kienyeji, rangi ya udongo, doa jeupe kifuani. Kwa kumtazama meno ana miaka miwili au mitatu hivi. Alikotoka alikuwa kafungwa mnyororo nyuma ya gereji ambayo wenyewe walishahama, na waliobaki jirani wakawa wanamtupia ugali kwa mbali. Kwa hiyo kwake yeye binadamu ni kitu kinachotupa. Leo kinatupa ugali, kesho jiwe, na hajui ni kipi mpaka kitue.

Kwa sasa hakuna mafunzo. Analala chini ya meza ya jikoni, anakula usiku tukishazima taa, anatoka uani alfajiri kabla mtaa haujaamka. Simwiti, simshiki, simkodolei macho. Kazi yangu ni kuandika kinachomshtua, na mpaka sasa mpangilio ni huu, kibaya zaidi kikitangulia: mtu aliyejitwika mzigo kichwani; mlio wa mnyororo; fimbo, hata mpini wa fagio; mbwa wengine; pikipiki inayopunguza mwendo, maana inayopita kasi haina habari naye; mwanamume mwenye kofia; bati likigongwa.

Hilo la kwanza ndilo gumu, kwa sababu tunakaa Bigwa, chini kabisa ya milima ya Uluguru. Kila alfajiri wanawake wanateremka kutoka mlimani na matenga na mabeseni ya ndizi, magimbi, karoti na kabeji, wanapita mbele ya geti letu kwenda sokoni mjini Morogoro. Mimi naona mama kabeba kabeji. Kashata anaona kiumbe kirefu chenye kichwa kipana kisichogeuka, kinamjia moja kwa moja.

Mbwa huizoea dunia hasa kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12 au 14 ya maisha yake. John Paul Scott na John Fuller walilichunguza jambo hili kwa miaka mingi kule Bar Harbor, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Alichokiona mtoto wa mbwa katika wiki hizo bila kudhurika anakichukulia kuwa cha kawaida. Ambacho hakukiona atakitilia shaka ukubwani. Wiki hizo za Kashata zimeshapita. Kilichobaki ni kumwekea kumbukumbu nzuri juu ya zile mbaya, na hiyo ni kazi ya polepole.

Lengo nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika jikoni: Kashata apite barabara ya Bigwa asubuhi bila kubweka na bila kujificha. Basi. Sitaki apende watu, wala sihitaji mtu yeyote amshike kichwa. Apite tu.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni umbali anaouvumilia, kwa hatua zangu. Cha pili ni muda anaochukua kutulia baada ya kushtuka. Utiifu sipimi. "Kaa" na "njoo" zitakuja zenyewe akishakuwa na akili ya kusikiliza.

Machi, kabla ya mvua

Mnyororo nimeutoa kabisa ndani ya nyumba, hata ule wa geti nimeuvalisha mpira wa baiskeli usilie.

Nimempelekea fundi viatu mkanda wa kiti cha gari niliouchukua kwenye chuma chakavu, nikamchorea ninachotaka: mkanda wa kifuani, mbele ushuke kwa umbo la herufi Y ili mabega yacheze, pete moja mgongoni na nyingine kifuani. Kaugeuza mchoro mara kadhaa. "Dada, huyu ni mbwa au punda?" Lakini kashona vizuri, uzi wa nailoni mara mbili, pete kazitoa kwenye mkoba wa zamani. Nikamwongezea kazi moja ambayo naona wengi hawaifikirii: kamba fupi ya kuunganisha mkanda wa kifuani na ule wa shingoni. Mbwa akishikwa na hofu havuti kwenda mbele, anarudi kinyumenyume, na kwa namna hiyo anachomoka kwenye mkanda wa kifuani hata uwe umebana vipi. Ile kamba fupi ndiyo inayomzuia asiishie barabarani.

Kuvaa kumechukua muda na sikuharakisha. Mkanda umekaa sakafuni na dagaa juu yake. Kisha nimeushika wazi, dagaa upande wa pili, kichwa akiingize mwenyewe. Akikitoa, sawa. Sasa akisikia zile pete zinagongana anakuja mwenyewe. Mlio wa chuma huohuo, ila huu umeambatana na dagaa.

Machi, mwishoni

Daktari wa mifugo kaja nyumbani. Hapo Morogoro tuna bahati, chuo cha Sokoine kipo hapahapa na wataalamu wa wanyama si wa kutafuta kwa tochi. Kamchanja kichaa cha mbwa, kampa dawa ya minyoo na ya kupe, kisha kamkagua mwili mzima taratibu huku mimi nikimlisha. Sikio la kushoto lina uchafu mweusi na limevimba ndani. Yaani ule "ukali" wa kuguswa kichwani ambao niliuandika kwa wino mwekundu, sehemu yake ilikuwa maumivu. Tumetibu sikio kwanza, mengine yakasubiri. Ningemshauri yeyote mwenye mbwa aliyekuwa mkali ghafla aanzie hapo: sikio, meno, viungo, ngozi. Mafunzo hayaondoi maumivu.

Kadi ya chanjo naitembeza kwenye mkoba. Majirani wanamwogopa mbwa kwa sababu ya maana: kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni nadra mno. Nimepita nyumba za karibu nikawaonyesha ile kadi, nikawaambia na la kufanya mtu akiumwa na mbwa yeyote, wangu au wa mtaani: kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Baada ya hapo watu wawili watatu waliokuwa wakivuka barabara kuniepuka wameanza kunisalimia.

Aprili

Masika. Radi za Uluguru haziji moja moja, zinagonga mlima na mlima unazirudisha. Kashata kahamia chini ya kitanda chetu. Nimemshushia kanga ikawa pazia, nimewasha redio, nimekaa naye sakafuni na mkono wangu ubavuni mwake kwa sababu ameutafuta mwenyewe. Wapo wanaosema ukimbembeleza mbwa mwoga unamfunza woga. Wanachanganya tendo na hisia. Tendo likilipwa linarudiwa. Hofu haiongezeki kwa kufarijiwa.

Asubuhi yake kambwekea dada wa chapati, ambaye huwa tunampita bila neno. Kabla ya hapo alipita muuza chuma chakavu na kipaza sauti chake, na kabla ya huyo pikipiki ilisimama getini. Dada wa chapati hakufanya lolote. Yeye alikuwa wa mwisho tu. Ni kama daftari la mkopo kwa mangi: unachukua sukari, unachukua sabuni, unachukua mafuta, na siku anapokukatalia kiberiti, kiberiti hakina kosa. Homoni za mshtuko hubaki mwilini kwa muda baada ya kelele kwisha, na likija jambo dogo linamkuta bado yuko juu.

Kanuni mpya: usiku wa radi ukipita, kesho yake hatutoki. Dagaa wanafichwa kwenye trei za mayai uani, awatafute kwa pua. Kunusa kunamtuliza kuliko mwendo.

Aprili, mwishoni: beseni

Tumeanza kazi yenyewe, na tumeianzia uani.

Vifaa: beseni la plastiki la bluu, kigoda, kanga iliyosokotwa ngata, maini ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Na mume wangu, kwa sababu mtu anayepaswa kujitwika hawezi kuwa yuleyule anayelisha.

Beseni limewekwa chini upande wa pili wa ua, tupu. Kashata kalitazama, nikampa ini. Kageuka kunitazama mimi, hakupata. Kalitazama tena, kapata. Mpangilio huo ndio kila kitu: kwanza kitisho, halafu chakula. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo, aliona mbwa wake wanatokwa mate kwa kitu kilichotangulia chakula, hata kabla chakula hakijaletwa. Ukipindua, ukatoa ini kwanza ndipo beseni litokee, unajenga jingine kabisa: mbwa anaanza kuliogopa ini, kwamba hili likionekana kuna shari inakuja.

Beseni juu ya kigoda: sawa. Beseni mapajani pa mume wangu aliyeketi: sawa, kwa kusitasita. Beseni kifuani: kalamba pua, kapiga mwayo ambao si wa usingizi, lakini anakula. Kisha mume wangu kaliweka juu ya ngata, na hapo Kashata akaganda. Mdomo umefunga, masikio yamelala nyuma, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Nikamwekea ini chini ya pua. Hakulinusa.

Hiyo ndiyo alama ninayoiamini kuliko zote. Mbwa huyu angeuza nyumba kwa ini. Akilikataa, maana yake tumeshavuka mpaka wake, na tangu hapo hakuna anachojifunza isipokuwa kuogopa zaidi. Beseni likashuka, tukamaliza siku na trei ya mayai.

Kilichotutoa hapo ni ungo. Ni mpana lakini ni mwembamba, haubadilishi sana umbo la mtu. Mume wangu kajitwika ungo akiwa ameketi, Kashata kakubali. Ungo akiwa amesimama, kakubali. Ungo akitembea hatua chache kwa ubavu, bila kumwelekea. Baadaye sufuria. Baadaye ndoo ndogo. Beseni la bluu likarudi likiwa la mwisho, na likapita bila yeye kuacha kutafuna.

Jirani alikuwa kaegemea ukuta wa tofali muda wote. "Shemeji, leo mnauza nini?"

"Hofu," mume wangu kajibu, beseni kichwani, shingo imekaza. "Chukua, bei ya jumla."

Mei: pagala

Ng'ambo ya barabara kuna pagala, nyumba iliyokwama usawa wa lenta. Nimeomba ruhusa kwa anayelilinda. Ni darasa zuri kuliko uwanja wowote, kwa sababu lina kuta. Tatizo kubwa la kumfunza mbwa mwoga mtaani kwetu ni kwamba nafasi haipo: njia ni nyembamba, watu wanatokea kwenye kona, na huwezi kumwambia mtu abaki hatua arobaini kwa sababu mbwa wako anajifunza. Ukuta unakupa kile ambacho umbali ungekupa. Kashata anasimama ndani, anachungulia barabara kupitia tundu la dirisha, na ikimzidi tunasogea hatua mbili pembeni na barabara inatoweka.

Tunafika kabla hakujapambazuka vizuri. Mama wa kwanza anatokea kwenye kona na tenga la ndizi: ini, ini, ini, mpaka apite. Kaondoka: mikono mifukoni, hakuna kitu. Wa pili: ini. Siku za mwanzo alikuwa akitetemeka miguu ya nyuma huku anakula. Kisha miguu ikatulia. Kisha ikaja siku ile ambayo kila anayefanya kazi hii anaingoja: tenga limetokea, Kashata kaliona, na badala ya kukaza mwili kageuza shingo kunitazama mimi. Amesema kwa lugha yake, "Limekuja. Lete."

Sasa tunasimama mlangoni pa pagala badala ya dirishani.

Wale kina mama nao walitaka kujua, na walikuwa na haki. Bibi mmoja, magimbi kichwani, kasimama (kwa mbali, ashukuriwe) akauliza kwa nini mbwa analishwa nyama watoto hawajaamka. Nikamweleza: kila mkipita ninyi, yeye anakula, ili awaone ni heri. Kafikiri. "Kwa hiyo mimi ni bucha." Tangu hapo, akikaribia kona, kabla hajaonekana, tunamsikia: "Bucha limefika!" Na Kashata, nimeliandika hili kwa sababu limeanza kujirudia, anatikisa mkia kwa sauti hiyo.

Mei: mzee

Mwanamume mwenye kofia kafutwa kwenye orodha, na sikupanga mimi.

Yupo mzee anayerudi kutoka msikitini baada ya sala ya alfajiri. Siku ya kwanza kasimama mbali, katoa salamu, nikamwamkia, kaitikia, kisha: "Mwanangu, mimi na mbwa wako hatuna ugomvi. Ila asinikaribie, nina udhu wangu." Tukakubaliana. Yeye ng'ambo ya mtaro, mimi huku, kila siku. Anapita mwendo uleule, saa ileile, fimbo hana, mkono haunyooshi, jicho halimtupii, neno hamwambii.

Ukimwuliza mtaalamu yeyote mtu mwema kwa mbwa mwoga anatakiwa awe vipi, atakuchorea mzee huyu. Asimtazame, asimwinamie, asimwite, asibadili mwendo, ampe nafasi. Mzee anafanya yote hayo kwa ajili ya usafi wa sala yake, na Kashata anafaidika vilevile.

Wanaonipa kazi ni wapenzi wa mbwa. Kijana mmoja kaja amechangamka, "Mimi mbwa wote wananipenda, anti!" na kabla sijajiweka kati yao kashainama juu yake na kiganja kimeshafika kichwani. Kashata kang'ata hewa, karibu kabisa na kidole, na kwa mbwa mwenye meno yale kukosa ni hiari: alikuwa anaonya. Kijana kanuna kwamba nimefuga mbwa mkorofi. Tumerudi nyumbani, tumepumzika kesho yake na kesho kutwa.

Juni

Mjomba kaja kutoka Kilosa. Amefuga mbwa wa shamba maisha yake yote, wa kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi, na anawajua. Kashata alipomngurumia kutoka chini ya meza, mjomba kaangalia kama kuna fimbo karibu. "Huyu lazima ajue nani baba hapa ndani."

Nimemheshimu, nikamwekea chai, nikamweleza. Habari ya mbwa kutawaliwa kwa mabavu ilianzia kwa mbwa mwitu. Rudolf Schenkel aliwatazama mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, akaandika mwaka 1947 kuhusu ugomvi wao wa vyeo. David Mech, Mmarekani aliyeieneza dhana hiyo miaka ya sabini, baadaye aliwafuata mbwa mwitu porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wakubwa wanaongoza kwa sababu ni wazazi. "Sasa si ndivyo nilivyosema?" mjomba kauliza. "Baba." Kwa kweli upande wa baba alikuwa sahihi, tulichobishana ni fimbo.

Na kunguruma sikuzuii. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma haachi kuogopa, anaacha kutoa taarifa, na anayeuma bila taarifa ndiye wa kuogopwa. Kwenye daftari naandika: "Kangurumia mgeni chini ya meza, mgeni karudi nyuma, kaacha." Hayo ni mazungumzo yaliyokwenda vizuri.

Mjomba alipoondoka aliacha mfuko wa karanga na kauli kwamba mbwa huyu anakula vizuri kuliko yeye.

Juni, mwishoni: dawa

Umbali umepungua lakini kutulia bado ni shida. Akishtuka saa moja asubuhi, mpaka adhuhuri bado anahema na hawezi kulala. Daktari kashauri fluoksetini. Ni dawa ileile wanayopewa binadamu kwa sonona na wasiwasi, ila kipimo ni cha daktari wa mifugo, na haifanyi kazi leo kwa leo: inachukua kama wiki 4 hadi 6 kuonekana. Hailevyi. Inamshusha kidogo ili mafunzo yapate pa kushika.

Neno kwa wanaochovya kwenye kabati la dawa za nyumbani: parasetamo na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa. Usimpe kwa kukisia.

Wiki za mwanzo kapungukiwa hamu ya kula, jambo linalojulikana kwa dawa hii, na kwangu ni hasara maana mshahara wake ni chakula. Ini kalikataa akiwa ametulia kabisa, ikabidi nisome mwili wake badala ya tumbo. Nimebadilisha: dagaa wa kukaanga, mabaki ya mishkaki yasiyo na pilipili wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, hata kilichopikwa.

Julai

Shule inafungua, na watoto wanapita na vijiti wakivikokota kwenye bati za uzio, trrrrr, mtaa mzima. Nimewaita wale wakubwa nikawapa kazi. Mbwa akitokea, ninyi ni miti. Mti una mikono chini, mti hautazami mbwa, mti haukimbii. Walidhani nawatania, kisha wakaipenda kupita kiasi. Sasa kundi zima likituona linaganda, wengine mguu mmoja juu, na mdogo wao anapaza sauti bila kugeuza shingo: "Anti, tumeshakuwa miti!" Mti unaopiga kelele si mti, lakini Kashata hajalalamika. Vijiti vimepungua vyenyewe, kwa sababu mti hauna kijiti mkononi.

Jingine la mwezi huu ni kikapu cha mdomo, cha kumvalisha asiweze kung'ata. Nimeagiza Dar, kimeletwa na basi. Ni cha plastiki, chenye nafasi ya kutosha afungue mdomo, aheme, anywe maji na nimpenyezee dagaa. Ile mikanda ya kitambaa inayobana mdomo usifunguke haifai kwa matembezi, maana mbwa anapoza mwili kwa kuhema. Nimekipaka ndani karanga za mjomba zilizosagwa, akajifunza kutumbukiza pua mwenyewe, na kamba nimezifunga baadaye sana.

Nilitarajia watu waseme nimefuga simba. Kweli wamesema, na wanapisha mapema. Hakuna tena kijana wa kuinama na kiganja. Kikapu hiki kimenipatia hatua kumi za nafasi ambazo kwa maneno sikuzipata tangu Februari, na daftari linaonyesha: karibu kila siku ya kikapu imeisha bila kubweka.

Kutulia: leo bati lilianguka kwenye ujenzi wa jirani. Karuka, kajificha nyuma ya miguu yangu, kajikung'uta mwili mzima kuanzia kichwa mpaka mkia, kaomba dagaa. Sikuwa nimemaliza hata kusalimiana na fundi. Daktari anasema dozi ibaki ilipo.

Agosti

Mbwa koko wawili wametokea kwenye migomba bila taarifa. Kashata kasimamisha manyoya tangu shingoni hadi mkiani, kapiga kelele ambazo sijazisikia tangu miezi ya mwanzo. Dagaa wote waliokuwa mfukoni nimewarusha chini mbele ya wale wawili. Waliinamisha vichwa kula, sisi tukageuka na kuondoka. Ndiyo mbinu pekee niliyonayo kwa mbwa wasio na mwenyewe, na inataka mfuko uliojaa kila siku, hata siku usiyoihitaji. Kahema mpaka jioni. Keshoye trei za mayai.

Hofu yake kwa mbwa wengine haikumwagika kwa mengine. Siku tuliyotoka tena, bibi wa magimbi kapita hatua nne kutoka tulipokaa, kando ya barabara kabisa, pagala liko nyuma yetu. "Bucha limefika." Kashata kamtazama, kanitazama, kala, kakaa chini bila kuambiwa. Hatua nne. Februari alikuwa akibweka nyuma ya geti lililofungwa.

Hali ilivyo, kwa anayehesabu nami: mizigo ya kichwani, tayari kwa asubuhi za kawaida, bado kwa siku za soko kubwa watu wanapopita kwa makundi. Kofia, imekwisha. Mnyororo, anasimamisha sikio tu. Bati, anashtuka na kurudi. Fimbo, bado, hata mzee akija na mwavuli tunavuka mtaro. Mbwa wengine, bado kabisa, na sidhani tutafika mbali. Nitaridhika na kuwaona kwa mbali akiwa anakula.

Pikipiki inayopunguza mwendo sijaigusa kwa sababu inataka pikipiki. Jana nimekwenda kijiweni kwa vijana wa bodaboda, nikawaeleza: mmoja wenu apunguze mwendo hatua thelathini kutoka kwetu, asisimame, apite, arudie. Wamecheka, wamebishana nani anaogopwa zaidi, kisha wamekubali kwa soda kwa kila aliyepita sawasawa. Tunaanza Jumamosi saa kumi jioni, abiria wakiwa wachache, na pikipiki ya kwanza itasukumwa kwa mkono, injini imezimwa.